Mke wa Ayubu Alisema Mara Moja

Lembeni iko kwenye tambarare, chini ya milima ya Upare Kaskazini, kandokando ya barabara kuu inayounganisha Mwanga na Same. Upande mmoja ni milima yenye migomba na ukungu, upande wa pili ni nyika ya miiba, na ng'ambo ya nyika hiyo liko bwawa la Nyumba ya Mungu. Mvua ikichelewa huku chini, mara nyingi tunaiona ikinyesha kule juu. Watu wanaoishi hivyo huanza kukielewa kitabu cha Ayubu hata kabla ya kukifungua.

Sisi tunaoandika haya ni washirika wa jumuiya moja ya nyumba kwa nyumba. Kati yetu wamo wakulima, fundi cherehani, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na wazee wawili wa kanisa. Tumeombwa tueleze jinsi Mkristo anavyopaswa kuyasoma masimulizi ya imani, yake na ya wengine. Hatuna elimu ya chuo cha theolojia. Tunalo kosa moja tulilolitenda pamoja, na yale tuliyojifunza kwa sababu yake. Tumeona ni vema tuanzie hapo.

Jioni ya Alhamisi

Tulikuwa tukisoma Ayubu, sura mbili za kwanza. Kati yetu aliketi mama mmoja ambaye mumewe alikuwa amelala kitandani mwaka wa nne baada ya kupooza upande mmoja. Tulipofika pale ambapo mke wa Ayubu anazungumza, aliyekuwa akiongoza alisimamisha usomaji. Akasema kwamba akina mama wayasikie maneno hayo vizuri, kwa kuwa ibilisi akishindwa kumpata mwanamume kwa mali na kwa watoto, humpata kwa mdomo wa mkewe. Tukacheka. Wengine wakasema amina.

Yule mama alijifunga kanga yake vizuri, akasimama, akasema, “Samahanini, wakati wa kumgeuza mgonjwa umefika.” Akatoka. Alhamisi tano zikapita bila kumwona.

Hatukugombana na mtu, wala hakuna aliyesema neno ambalo halijawahi kusemwa mimbarini. Ndiyo maana ilituchukua muda kuona kwamba tumetenda kosa. Mwanzoni tuliulizana tu kama mgonjwa amezidiwa.

Tulipokwenda kumwona, tulimkuta na dada yake mkubwa, ambaye ni Mwislamu. Kwa wageni hilo linaweza kuwa la kushangaza, lakini huku Upare si ajabu. Watoto wa tumbo moja huenda mmoja kanisani na mwingine msikitini, na siku ya msiba wote hula makande ya sufuria moja. Dada mtu alikuwa akikoroga uji wa mgonjwa. Alikwisha kuhadithiwa mambo ya ile Alhamisi. Akatuuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, “Huyo Ayubu wenu, mkewe hana jina? Wa kwetu anaitwa Rehema.”

Kisha akatusimulia kama alivyosimuliwa na bibi yake. Ayubu alipoanza kuugua na watu wote wakamkimbia, mkewe alibaki. Alifanya vibarua majumbani mwa watu ili apate chakula cha mumewe. Siku alipokosa kazi, aliuza nywele zake kwa mkate. Alimaliza kusimulia, akaepua uji, akaenda kumlisha shemeji yake. Sisi tukabaki tumeinamisha vichwa.

Mkeka hausukwi kwa ukindu mmoja

Tuliporudi, swali lilikuwa moja: huyu Rehema ametoka wapi? Wengine walisema ni hadithi ya watu tu, isitusumbue. Mwalimu wetu mstaafu akatueleza kwamba katika masomo ya fasihi liko neno mwingilianomatini. Maana yake ni kwamba hakuna masimulizi yanayozaliwa peke yake. Kila hadithi inasikika ndani ya hadithi nyingine, inaitikia, inapinga, inaazima, inaongeza. Mkeka, alisema, hausukwi kwa ukindu mmoja.

Tukaanza kuufuata huo ukindu, tukasaidiwa na mchungaji aliyekuwa na vitabu. Tuliyoyakuta yalitushangaza.

Katika Biblia yetu mke wa Ayubu anasema mara moja tu, Ayubu 2:9, maneno machache sana. Lakini katika tafsiri ya kale ya Kiyunani iitwayo Septuaginta, ambayo Wakristo wengi wa mwanzo waliisoma, maneno yake ni marefu zaidi. Anawalilia watoto aliowabeba tumboni kwa uchungu, ambao taabu yake kwao imepotea bure. Anasema jinsi anavyozunguka nyumba hadi nyumba akifanya kibarua, akingojea jua litue apumzike. Kipo pia kitabu kingine cha Kiyunani, Agano la Ayubu, ambacho hakimo katika Biblia na kinakadiriwa kuwa cha karibu na nyakati za Bwana Yesu. Humo mke huyo ana jina, Sitis, na anakatwa nywele zake ili apate mikate.

Kurani inamtaja Ayubu, mja mwenye subira, lakini haimtaji mkewe kwa jina. Ni wasimulizi wa Kiislamu wa baadaye waliomwita Rahma, na katika masimulizi yao nywele zinauzwa tena. Waswahili wa pwani walikuwa na utendi wao wa Ayubu, na J. W. T. Allen aliuchapisha pamoja na tendi nyingine mwaka 1971. Katika vinywa vya Waswahili Rahma akawa Rehema, na Rehema akapanda kutoka pwani mpaka kwenye jiko lile hapa Lembeni.

Kwa hiyo yule dada hakutuletea jambo geni. Zile nywele zilikuwa zimekwisha kuuzwa katika kitabu cha Kiyunani karne nyingi kabla hazijafika kwetu kwa njia ya msikiti. Tulidhani tunapokea hadithi ya jirani, kumbe sehemu yake iliwahi kukaa jirani sana na nyumba yetu wenyewe, nasi hatukuijua.

Anayesimulia ana upande

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Ikiwa wako wasimulizi waliomwona mwanamke huyu akilia na kufanya kazi, kwa nini sisi tulikuwa na mmoja tu wa kuchekwa? Mwalimu akatupa neno la pili, itikadi. Alilieleza hivi: ni yale mawazo ambayo watu wa mahali fulani wanayaona kuwa ya kawaida kiasi kwamba hawajui tena kuwa ni mawazo. Yanachagua nani apewe jina, nani anyamazishwe, nani achekwe.

Agostino, mwalimu mkubwa wa kanisa, alimwita mke wa Ayubu msaidizi wa ibilisi. Wahubiri wengi wakamfuata. Kiongozi wetu wa ile Alhamisi hakuwa amemsoma Agostino, lakini alikuwa ameyarithi maneno yake kupitia mahubiri ya miaka mingi. Nasi tulicheka kwa sababu ilitufaa kucheka. Nyumbani kwetu wanaouguza wagonjwa ni wanawake karibu wote. Lawama ikiwa imekwisha kuwekwa juu yao, hakuna atakayetuuliza sisi wengine tulikuwa wapi.

Hapa Upare tuna sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilitaka kuleta kodi mpya ya kulipa kulingana na mali. Ikaiita mbiru, jina lililotokana na ushuru wa zamani wa watawala wetu wa jadi. Jina lilikuwa letu, kazi lililopewa haikuwa yetu, na wazee wetu waliona tofauti hiyo. Mwanzoni mwa 1945 maelfu yao walishuka milimani wakaenda kupiga kambi Same kuipinga. Hawakuhitaji mtu wa kuwaambia kwamba neno la kale linaweza kuvikwa nguo ngeni. Babu zetu walisoma vizuri kuliko sisi tulivyosoma ile Alhamisi.

Vivyo hivyo na habari zetu za Mungu. Wazee wa Upare walimwita Muumba Kyumbi, jina lenye sauti ya kuumba, kama mfinyanzi aumbavyo chungu. Walisimulia kwamba zamani Kyumbi alikuwa karibu na watu, akawakataza kula mayai. Kiriamagi, mtu mjanja, akawashawishi, wakala. Kyumbi akawa mbali nao. Watu wakajenga mnara wamfikie, lakini kadiri walivyojenga ndivyo alivyozidi kuwa mbali. Ikaja njaa kubwa, wakabaki kijana mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na kwao watu wakaanza tena.

Msomaji atasikia humo Edeni, Babeli na hata Nuhu. Wako wanaosema, basi wazee wamechanganya Biblia na hadithi zao baada ya wamisionari kufika. Wako wanaosema, hapana, mababu walikuwa na Biblia yao tangu mwanzo. Tumegundua kwamba kila upande unasema zaidi juu ya unavyotaka kuliko juu ya hadithi. Wa kwanza wanataka mababu wasiwe na chochote, wa pili wanataka wasikose chochote. Mwaka 1922 Ernst Kotz, mmisionari Mjerumani wa Kisabato aliyefanya kazi Upare Kusini, alitoa kitabu juu ya mila za Wapare, na jina la kitabu kwa Kijerumani linawaeleza kama watu walio katika kifungo cha hofu. Mwaka 1972 Isaria Kimambo na C. K. Omari waliandika juu ya dini hiyohiyo ya Wapare, nao wakaona humo fikra zinazokua na kubadilika pamoja na historia ya watu. Watu ni walewale, milima ni ileile. Kilichotofautiana ni mahali msimulizi aliposimama.

Tumeangalia pia jambo dogo katika hadithi ya Kyumbi. Kama tulivyoipokea, anayeshawishi ni Kiriamagi. Hakuna mke wa mtu anayebeba lawama ya wote. Hatusemi kwamba kwa hiyo wazee wetu waliwatendea wanawake kwa haki, maana tunajua hawakufanya hivyo sikuzote. Tunasema tu kwamba kumlaumu mwanamke si lazima ili hadithi ya dhambi isimuliwe. Ni uchaguzi.

Je, basi Neno liko wapi?

Mzee mmoja katika jumuiya yetu alikasirika tulipofika hapa, na hasira yake ilikuwa na haki. Alisema, “Kama kila kabila na kila dini ina Ayubu wake, na kila msimulizi ana upande wake, basi mnataka kutuambia hakuna kweli. Kesho mtatuletea Rehema mimbarini.”

Hatukumjibu siku ile. Jibu letu lilikuja polepole, nalo ni hili. Rehema hayumo katika Biblia yetu na hatutamwingiza. Biblia haikuachwa iwe kama shamba lisilo na mpaka, kila mtu alime anapotaka. Lakini kusikia habari za Rehema kulitufanya turudi kwenye Ayubu wetu tusome tena, na tuliporudi tulikuta mambo yaliyokuwapo siku zote ambayo hatukuwahi kuyatazama.

Tulikuta kwamba wale watoto kumi waliokufa walikuwa wake pia. Tulikuta kwamba neno la Kiebrania analotumia, ambalo watafsiri hulichukua kuwa ni kukufuru, kwa kawaida maana yake ni kubariki, na kwamba msomaji lazima aamue. Tulikuta kwamba Ayubu hamwiti mpumbavu. Anamwambia amesema kama wasemavyo wapumbavu, kisha anamjibu kwa wingi: sisi tumepokea mema, sisi tupokee na mabaya. Anamweka upande wake. Tulikuta kwamba mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wale rafiki watatu waliohubiri sana, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa. Juu ya mke hasemi neno la hasira hata moja. Binti watatu wa mwisho wanatajwa kwa majina na wanapewa urithi pamoja na ndugu zao, na mama yao bado hana jina. Na sisi, ile Alhamisi, tulikuwa tumeketi kwenye kiti cha wale rafiki watatu tukidhani tumeketi na Ayubu.

Masimulizi ya jirani yanaweza kutufanyia kazi hiyo. Hayachukui nafasi ya Neno. Yanatuonyesha pale tulipoweka mawazo yetu mahali pa Neno. Asiyetaka kabisa kuyasikia huenda hailindi Biblia, bali analinda kicheko chake. Na anayeyachanganya yote kuwa kitu kimoja naye anawadharau wote wawili, Mkristo na Mwislamu, kwa kuwa hamsikilizi hata mmoja mpaka mwisho. Yule dada hakutuomba tukubali dini yake. Alitupa alichokuwa nacho jikoni, akatarajia tukitendee kwa adabu.

Alilotuambia mwenyewe

Tulidhani tumemaliza. Tukaenda tena kwa yule mama, tumejaa furaha ya watu waliojifunza kitu. Tukamwomba radhi, naye akapokea. Kisha tukamwambia kwamba tangu sasa tunamwona kuwa Rehema wetu.

Alinyamaza kidogo, akasema, “Msiniite hivyo. Huyo Rehema mnampenda kwa sababu analala njaa na hanung'uniki. Mimi kuna usiku nimemwambia Mungu amchukue. Nimesema, si mara moja.”

Tulishikwa na aibu mara ya pili, na hii ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Tulikuwa tumeacha hadithi iliyomfunga mwanamke kwa lawama, tukambebesha nyingine inayoweza kumfunga kwa sifa. Nayo ilitufaa vilevile, kwa kuwa mke asiyenung'unika haombi msaada. Itikadi haikukaa kwenye hadithi moja ikatoka tulipohama. Tulihama nayo.

Akatuomba Biblia. Akafungua Ayubu, akatafuta kwa muda, akatuonyesha sura ya 19, mstari wa 17, mahali Ayubu anapolalamika kwamba pumzi yake inamchukiza mkewe. Alisema tangu tulipomwacha zile Alhamisi tano alikuwa amekisoma kitabu kizima mwenyewe, usiku, akiwa macho kwa ajili ya mgonjwa. Akasema, “Ninyi mnasema alimwacha. Pumzi ya mgonjwa anaisikia nani, kama si anayelala karibu naye?”

Tumesoma vitabu kadhaa tangu siku ile, na tunaomba tusahihishwe tukikosea, lakini hatujakuta maelezo ya mstari huo yaliyotugusa kama hayo. Hayakutoka Septuaginta wala kwa Agostino. Yalitoka kwa mtu aliyekuwa akigeuza mwili wa mumewe kila baada ya saa chache kwa miaka minne. Alisoma akiwa mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusimama, na Maandiko yakamwonyesha lililokuwamo.

Mwalimu wetu anasema wasomi hubishana kama maana ya maandiko imo ndani ya maandiko au ndani ya msomaji. Hatutaumaliza ubishi huo. Sisi tunakiri tu kwamba kweli iliyokuwa imeandikwa siku zote ilingoja msomaji wa namna yake, na kwamba msomaji huyo tulikuwa tumemfukuza kwa kicheko.

Kabla hatujaondoka tulimuuliza anahitaji nini. Akajibu bila kuzungusha maneno: anahitaji kulala. Tangu wakati huo wanaume wa jumuiya wana zamu. Usiku wa Jumanne na wa Ijumaa wawili wetu hulala kwa mgonjwa, humgeuza, humsafisha, humbadilishia shuka. Wiki za kwanza tulifanya vibaya, na ilibidi dada yake atufundishe namna ya kumshika mtu aliyepooza bila kumwumiza bega. Kiongozi aliyesema yale maneno ya Alhamisi ndiye wa kwanza kujiandikisha, na hajakosa zamu yake. Yule mama amerudi kwenye jumuiya. Hukaa karibu na mlango, na wakati wa kusoma ukifika, sasa tunamngojea kidogo kabla ya kuanza kueleza.

Bado hatuna jina la mke wa Ayubu. Biblia yetu haikutupa, nasi hatutamwazimia. Lakini siku hizi tukifika Ayubu 2:9 tunasoma polepole, na hakuna anayecheka.